Kambi ya gemu mtandaoni likizo hii: mwongozo kwa mzazi anayeanza

"Mwalimu, mtoto wangu ana miaka tisa, anaweza kutumia simu yangu?" Hapana, na sababu iko hapo chini. "Mwalimu, mimi mwenyewe kompyuta siijui vizuri, nitamsaidiaje?" Usimsaidie. Hilo nalo nitalieleza. "Mwalimu, ni saa tatu ya asubuhi au ya mchana?" Hili la saa ndilo linalonichosha kuliko yote.

Maswali haya huja kila shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, tangu nianze kufundisha watoto kutengeneza gemu kwa Zoom nikiwa sebuleni kwangu Umoja. Nimeyajibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp mpaka kidole gumba kikakataa. Sasa nayaweka mahali pamoja. Mwongozo ni wa mzazi ambaye mtoto wake hajawahi kuandika msimbo wowote (yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini), na ambaye hana hakika kama pesa za kambi zitarudi na kitu chochote cha maana.

Wengine huniuliza, je, si watafundishwa shuleni? Ni kweli KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha mtaala wa usimbaji mwaka 2022. Lakini darasa lenye watoto hamsini na kompyuta nane si sawa na mtoto mmoja mbele ya mashine moja kwa siku tano mfululizo. Likizo ndiyo nafasi yake.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta, laptopu au ya mezani. Kwa Scratch, programu ya kutengeneza gemu kwa kuunganisha bloku za amri, RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ya GB 4 inatosha. Kwa Roblox Studio, ile ya kutengenezea gemu za Roblox, tafuta GB 8. Zile laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi zinafaa kabisa, ila kwa kambi ya kwanza nakushauri usinunue. Azima ya shangazi yake kwa wiki moja. Ukiona mtoto bado anaiulizia wiki mbili baada ya kambi, hapo sasa ingia mjini.
- Mausi yenye waya. Usiidharau. Mtoto wa miaka minane akivuta bloku kwa kidole kwenye laptopu, kufikia siku ya pili mkono umechoka na yeye amekasirika, na wewe utadhani hapendi somo.
- Hedfoni zenye maiki.
- Intaneti. Zoom yenye video hula karibu GB 1 kwa saa. Kambi ya siku tano, saa mbili kwa siku, ni GB 10 hivi. Nunua bando la wiki lenye ziada kidogo, au hakikisha waifai yako haijabakisha siku mbili iishe katikati ya kambi.
- Barua pepe ya mzazi. Si ya mtoto.
- Daftari na penseli.

Simu haimo kwenye orodha kwa sababu mbili. Scratch hairuhusu kutengeneza gemu kwenye skrini ndogo ya simu. Halafu mtoto anahitaji kumwona mwalimu na kuiona kazi yake kwa wakati mmoja, na kwenye simu atakuwa akirukaruka kati ya viwili hivyo mpaka apotee. Simu iwe ya akiba tu, stima ikipotea.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha tarehe, kisha hakikisha saa.

Kambi za hapa nchini hufuata likizo zetu, kwa hiyo hazina shida. Shida ni zile za ng'ambo. Likizo ndefu ya Wamarekani huanza Juni, wakati mtoto wako yuko katikati ya muhula wa pili. Waingereza hufunga mwishoni mwa Julai, ndiyo maana Agosti kambi zao hukutana vizuri na sisi. Mwezi huo, saa tatu asubuhi ya London ni saa tano asubuhi ya Nairobi. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, hilo si baya. Ile ya California ni saa moja usiku, na mtoto wa miaka saba atakuwa ameegemeza kichwa mezani kabla mwalimu hajamaliza kusalimia.

Angalia pia jinsi saa ilivyoandikwa. Mwaka fulani niliwaandikia wazazi "tunaanza saa 3". Nusu yao waliingia saa tatu asubuhi. Mama mmoja aliisoma kwa hesabu ya Kiingereza, akamweka mwanawe kwenye skrini saa tisa alasiri, amechanwa nywele, amevaa shati safi, wenzake wameshaondoka kitambo. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo naandika "saa tatu asubuhi, yaani 9:00", na wewe ukiona tangazo halisemi wazi, uliza.

2. Chagua chombo kinachofaa umri wake.

Miaka 5 hadi 7: ScratchJr, Scratch ya watoto wadogo, kwenye tabuleti. Haihitaji mtoto ajue kusoma.

Miaka 8 hadi 11: Scratch. Ilitoka MIT, Marekani, mwaka 2007, ni ya bure, na hata menyu zake unaweza kuzigeuza ziwe za Kiswahili.

Miaka 12 na zaidi: Python, lugha ya kuandikia programu, au Roblox Studio ikiwa Roblox ndiyo inayomkosesha usingizi. Kumbuka Roblox Studio haiingii kwenye tabuleti wala simu. Inataka Windows au Mac.

Wazazi hupenda kuruka. "Wangu ni mwepesi, ana miaka minane lakini mpeleke kwenye Python." Sikatai kwamba ni mwepesi. Lakini Python huandikwa kwa kibodi, na mtoto ambaye bado anaitafuta herufi moja moja kwa kidole atatumia wiki nzima kutafuta mahali mabano yalipo. Mwanzishe Scratch. Akishaielewa ataihama mwenyewe.

3. Piga simu kabla ya kulipa.

Tangazo zuri kila mtu anaweza kulitengeneza. Uliza haya:

Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Kwa wanaoanza, wakizidi kumi au kumi na wawili bila msaidizi, wapole watasahaulika. Masomo ni ya moja kwa moja au ni video zilizorekodiwa? Video si dhambi, ila zisiuzwe kwa bei ya mwalimu aliye hai. Stima ikipotea na mtoto akakosa saa nzima, atafidiwaje? Je, wanarekodi vipindi, na rekodi hizo zinakaa wapi? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla data ya mtoto haijatumiwa, kwa hiyo hilo si swali la mzazi msumbufu. Ni haki yako.

Kisha lile ninaloliona kubwa kuliko yote: siku ya mwisho, mtoto wangu atakuwa ametengeneza nini, na naweza kuona kazi ya mtoto wa kambi iliyopita? Akikujibu kwa habari za "ujuzi wa karne ya 21" na hana gemu hata moja ya kukuonyesha, mshukuru na ukate simu. Na akikutumia gemu ishirini zinazofanana, za rangi zilezile, ujue watoto walinakili ya mwalimu. Unatafuta gemu zenye kasoro: paka aliyechorwa vibaya, sauti ya mtoto mwenyewe akipiga kelele anaposhindwa. Hizo ndizo zimetengenezwa na watoto.

Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwenye till au paybill yenye jina la kambi. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi "kwa sababu till ina shida leo", subiri ipone.

4. Andaa mashine siku mbili kabla, si asubuhi ile.

Washa laptopu na uiache ifanye masasisho yake yote. Hili ndilo kosa ninaloliona kila Jumatatu ya kwanza: laptopu iliyolala kabatini tangu Aprili inawashwa dakika tano kabla ya kipindi, Windows inaanza kujisasisha, bando linaliwa, na mtoto anatazama duara likizunguka huku machozi yakimlengalenga.

Weka Zoom. Weka Scratch ile inayopakuliwa, ili mtandao ukiyumba kazi iendelee. Jaribu maiki kwa kumpigia mtu wa nyumbani. Badilisha jina la Zoom liwe jina la kwanza la mtoto pekee, maana mashine nyingi za kazini huingia na jina la baba, na mimi nitashinda nikimwita "Engineer Kamau" mtoto wa darasa la tatu.

5. Tengenezeni gemu moja ndogo pamoja kabla ya kambi.

Hii si lazima, lakini mtoto aliyefanya saa moja ya namna hii huingia siku ya kwanza bila woga. Nitakupa ile ninayoanzia mimi: kikapu kinachodaka maembe.

Fungua Scratch na umfute paka. Mtoto achore kikapu, kisha embe. Mpe dakika kumi za kuchora, zisizidi, la sivyo saa nzima itaishia kwenye kivuli cha embe.

Kwanza kikapu. Mshale wa kulia ukibonyezwa, x (mahali kilipo kushoto au kulia) iongezeke kwa 10. Wa kushoto ukibonyezwa, x ibadilike kwa -10. Hapa mtoto atauliza hiyo kistari 10 ni nini, kwa sababu namba hasi shuleni hajazifikia. Mimi hutumia lifti. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na urefu wa 360, na sifuri iko katikati. Kwenda juu, au kulia, ni kama kupanda ghorofa. Kwenda chini ya sifuri, au kushoto kwake, ni kushuka kule chini ya ardhi kwenye maegesho ya magari. Mtoto yeyote aliyewahi kuingia maduka makubwa ya Nairobi ameona kitufe cha -1 kwenye lifti, au angalau ameshuka hadi huko. Anaelewa papo hapo.

Sasa embe. Bendera ya kijani, ile ya kuanzisha gemu, ikibonyezwa, embe liende juu, y (mahali lilipo juu au chini) iwe 160, na x iwe namba yoyote ya bahati nasibu kati ya -200 na 200. Halafu, bila kukoma, y ibadilike kwa -5. Embe linaanguka. Mtoto anacheka. Ongeza: kama linagusa kikapu, alama iongezeke kwa 1.

Na hapo ndipo uzuri ulipo, kwa sababu gemu itaharibika. Embe moja likiingia kikapuni, alama zinaruka: 1, 2, 3, mpaka 12. Scratch hurudia kile kitanzi, yaani zile amri za "bila kukoma", karibu mara 30 kwa sekunde, na embe linapopita ndani ya kikapu, kila marudio yanauliza "linagusa?" na jibu ni ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Usimwambie. Muulize tu, "Embe liko wapi sasa hivi? Bado linagusa kikapu?" Kisha nyamaza. Nilishawahi kusubiri dakika nne nzima kwa mvulana mmoja aliyekuwa akiichungulia skrini, pua karibu na kioo, akisogeza kikapu taratibu na kuhesabu kwa sauti. Ghafla akasema, "Halijatoka! Linahesabiwa na halijatoka!" Akalirudisha embe juu mara tu baada ya kuhesabu alama, na gemu ikapona.

Bado kuna lile embe lililokosa kikapu. Mwambie aongeze: kama y iko chini ya -170, lirudi juu. Asiandike -300, maana Scratch haimwachi kihusika, yaani mchoro kama embe au kikapu, apotelee nje ya jukwaa. Embe litakwama ukingoni na sharti lake halitatimia kamwe.

6. Siku za kambi, kaa karibu lakini usishike mausi.

Nimeuona mkono huo mara nyingi sana. Mtoto ameduwaa, mwalimu ameuliza swali, na kutoka pembeni mwa kamera unaingia mkono wa mtu mzima na kushika mausi. Tatizo linatatuliwa kwa sekunde tatu. Mtoto anajiegemeza nyuma, na kuanzia hapo kila akikwama anatazama pembeni.

Sikucheki. Nilimfanyia hivyo binti yangu mwenyewe, mwalimu mzima. Alinitazama akasema, "Basi cheza wewe, baba," akaenda kuangalia katuni.

Kwa hiyo kaa chumba kimoja naye, na uwe na kazi zako. Mtoto akikuita, mwambie akusomee kilichoandikwa kwenye skrini. Mara nyingi akisoma kwa sauti anaona kosa mwenyewe. Ikishindikana, awashe maiki amuulize mwalimu. Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa.

Mengine ya siku hizo ni madogo: asiingie na njaa, mdogo wake apewe kitu cha kufanya, na dada wa nyumbani aambiwe kwamba anayeongea na skrini hachezi, asiitwe akachukue maziwa kwenye kibanda. Saa mbili kwa siku zinatosha. Kambi ya saa sita mbele ya skrini mimi singempeleka wangu.

7. Linda jina na uso wake.

Asivae sare ya shule mbele ya kamera. Akaunti ya Scratch isiwe na jina lake halisi. Scratch yenyewe inawaomba watoto wasilitumie. Mlango ubaki wazi. Mazungumzo ya siri kati ya mtoto na mtu mzima yeyote, hata mwalimu, hayaruhusiwi: ujumbe uende kwa kundi zima au kwako. Mtu akimtumia mtoto ujumbe wa kumtia wasiwasi, usifute. Piga picha ya skrini, na namba ya kusaidia watoto nchini ni 116, kupiga ni bure.

8. Hifadhi kazi kila siku.

Mtoto akitumia Scratch kwenye kivinjari bila kuingia kwenye akaunti, akifunga dirisha kazi imekwenda. Kila kipindi kikiisha, ahifadhi faili kwenye kompyuta, lenye mwisho wa .sb3, na aliite kwa siku: embe-jumatatu, embe-jumanne. Nakala moja ujitumie kwa barua pepe. Laptopu ikiwa ya kuazima, fanya hivyo kabla ya kuirudisha. Usicheke, imetokea.

Mambo yakikwama

*Picha inaganda, sauti inakatika.* Zima kamera ya mtoto kwanza. Funga YouTube ya chumba cha pili. Sogeza laptopu karibu na ruta.

*Stima imepotea.* Laptopu yenye betri nzuri itavumilia. Washa hotspoti ya simu na urudi kwa kiungo kilekile. Kama laptopu ni ile ya kuzima ukichomoa chaja, ingia Zoom kwa simu asikilize tu, na achore mpango wa gemu kwenye daftari. Hiyo ndiyo kazi ya daftari.

*Sauti inajirudia kama iko kisimani.* Kuna vifaa viwili vyenye maiki wazi chumba kimoja. Zima kimoja, au mvishe hedfoni.

*Zoom imejifunga yenyewe dakika ya 40.* Mwalimu anatumia akaunti ya bure. Ingia tena. Ikitokea kila siku kwenye kambi uliyoilipia vizuri, una haki ya kulalamika.

*Kikapu hakisogei na kila kitu kinaonekana sawa.* Karibu kila mara mtoto ameweka bloku za kikapu kwenye embe. Abonyeze picha ya kikapu chini ya jukwaa aone kama kina bloku zozote.

*Analia.* Zima maiki na kamera, mpe maji, dakika tano. Usimwambie "ni rahisi". Mwandikie mwalimu kwenye WhatsApp ajue, ili akirudi aanzie alipoachia.

*Amemaliza kabla ya wenzake na anasema imemboa.* Mwambie aongeze embe bovu linalopunguza alama. Akimaliza hilo, aongeze nyani anayekimbia na kikapu.